Mjane wa Uani

Jumatano, 20 Novemba 1968

Baba alifariki juzi kabla ya adhuhuri, akazikwa alasiri. Naanza daftari hili kwa sababu Shangazi Fakhria amesema matangani, mbele ya watu wote, "Karatasi zote atazishika Thabit. Ndiye aliyesoma." Nina miezi kumi na minne katika masijala ya bomani, na kitu nilichojifunza ni kimoja: faili likipotea, hutafutwa aliyelishika mwisho. Kwa hiyo nitaandika nilichofanya, wapi, na nani aliniambia nifanye.

Mama ameingia eda. Yuko chumba cha mbele, pazia limeshushwa. Miezi minne na siku kumi hatatoka nje, hatajipaka wanja wala mafuta mazuri, hataonana na mwanamume ambaye si maharimu yake. Nimehesabu: itaisha 26 Machi. Mimi mwanawe naingia kama kawaida. Binamu yangu Twalibu, mwana wa Shangazi, humwamkia akiwa nje ya pazia, naye hujibu kutoka ndani.

Batuli mpishi amewapikia watu siku tatu bila kupumzika. Yuko nasi, katika kile chumba cha uani, tangu nina miaka mitano. Leo nimemkuta amekaa chini jikoni, moto umezimika, mikono iko mapajani. Nikamwambia akapumzike.

Ijumaa, 22 Novemba

Ramadhani imeanza. Mvua bado.

Alhamisi, 28 Novemba

Cheti cha kifo, safari ya tatu. Mara ya kwanza walitaka barua ya balozi wa nyumba kumi. Mara ya pili barua ilikuwa haina mhuri. Leo mwenye mhuri amekwenda mkutanoni Urambo. Nilikaa kwenye benchi na saumu yangu tangu saa mbili hadi saa nane, nikiogopa karani mkuu wangu, Bwana Eustace, ataniandika kwamba nimetoroka kazini. Nikarudi ofisini mbio. Alikuwa hajagundua hata kama nimetoka.

Jumatatu, 2 Desemba

Nimepata cheti. Nimekisoma mara tano kutafuta makosa.

Jumanne, 10 Desemba

Jana sherehe za Uhuru, leo mahakama ya mwanzo kufungua mirathi. Karani wa pale huandika bila kuinua kichwa.

"Marehemu?"

"Thuwaini Darwesh, mfanyabiashara, Kanyenye."

"Watoto?"

"Mmoja. Ni mimi."

"Wajane?"

Shangazi, aliyekaa nyuma yangu, akanitangulia. "Mmoja. Salme."

"Nimemwuliza yeye, bibi."

"Mmoja," nikasema.

Nikashika msahafu, nikaapa kwamba niliyoyasema ni kweli, nikatia sahihi. Mkono ulitetemeka hata Shangazi akacheka. "Utadhani umeiba mbuzi!" Tangazo limebandikwa ukutani. Shauri litasikilizwa 27 Machi, ili mama awe ameshatoka eda na aweze kuhudhuria.

Njiani Shangazi amenieleza anavyotaka. Nyumba yetu ni urithi wa babu Darwesh ambao haukugawanywa. Theluthi ni yake, mbili za baba. Yeye atachukua uani, jiko na vyumba viwili, Twalibu apate pa kuolea. Mbele tutakaa mimi na mama. "Na Batuli?" nikauliza. "Atarudi kwao Igunga eda ikiisha. Atakuwa anampikia nani? Wewe utaoa." Niliona ni jambo la busara. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo nilivyoona.

Jumapili, 22 Desemba

Idd. Nimempelekea Batuli kanga mpya, kama baba alivyokuwa akifanya kila mwaka. Akaikunja bila kuijaribu. "Mwakani, Mungu akijalia." Amevaa kuukuu siku ya Idd, na nywele hazijasukwa. Shangazi anasema ameanza uvivu. Tangu msiba hajakanyaga sokoni, hata bombani hutuma watoto wa jirani.

Jumamosi, 4 Januari 1969

Mvua siku ya nne. Paa la jiko linavuja.

Jumatano, 15 Januari

Nitaliandika hili kwa utaratibu.

Saa kumi Twalibu alikuja nami kutoka mjini, tumelowa. Akasimama nje ya pazia la chumba cha mbele. "Shikamoo, mkaza mjomba." Mama akajibu kutoka ndani, "Marahaba, baba. Karibu." Hakutoka, sawasawa na inavyotakiwa.

Twalibu akapita uani kunywa maji. Batuli alikuwa mlangoni akichambua mchele. Alipomwona aliinuka kama aliyekanyaga kaa la moto, akajitupia kanga usoni, akaingia ndani na kurudisha mlango. Ungo ulimwagika.

"We Batuli, umeona jini?" Twalibu akacheka.

"Maji yako mtungini," akasema kutoka nyuma ya mlango. "Kunywa, uende."

Twalibu ana miaka ishirini. Huyu mwanamke alimlisha kwa mkono wake tangu ana miaka miwili. Hajawahi kumfichia uso hata siku moja.

Alipoondoka nikaenda mimi, nikaanza kuokota mchele. Mlango ukafunguka. Batuli akatoka kichwa wazi, nywele zimetimka, akachutama mbele yangu tukaokota pamoja.

Nilimaliza kuokota kabla sijaelewa. Mwanamke aliye edani hujificha kwa mpwa wa mumewe. Kwa mwana wa mumewe hajifichi, maana huyo ni maharimu yake mpaka kiama.

Nikaenda chumbani kwangu, nikahesabu tena siku zilizobaki za eda.

Alhamisi, 16 Januari

Nimemwuliza. Sikujua nianzeje, nikaanza kijinga: "Batuli, uko edani?"

Alikuwa akipepeta. Hakuacha. "Siku ngapi zimebaki?"

"Sitini na tisa."

"Basi hesabu zetu ni moja."

"Eda ya nani?"

Hapo akaniangalia. "Thabit, nimezika waume wangapi nyumba hii?"

Baba alimwoa Igunga mwaka 1951, alipokuwa akienda kununua mpunga. Aliyewafungisha ndoa ni Mwalimu Mfaume wa msikiti wa kule. Walipofika Tabora, Shangazi alisema mjukuu wa mpagazi aliyebeba mizigo ya misafara yao hataingia kama bibi katika nyumba ya Darwesh. Akitaka kuingia, aingie kwa mlango wa uani, ashike mwiko. Baba akasema, "Kwa muda tu." Muda huo ukawa miaka kumi na saba.

"Kwa nini hukusema siku zile za matanga?"

"Kwa nani? Kwa wale niliokuwa nikiwapakulia wali?"

Nikamwambia nimeapa mahakamani kuwa mjane ni mmoja, kwamba tarehe 27 Machi orodha itatiwa mhuri, na baada ya hapo atatolewa chumbani na hatakuwa na pa kusemea. Nilitaka anipe karatasi, cheti, chochote.

"Mimi sikai eda kwa ajili ya karatasi," akasema. "Nakaa kwa sababu mume wangu amekufa."

Nilipotaka kuondoka nikamwamkia shikamoo, kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Sisi tulilelewa kumwita jina kavu. Akainamia ungo wake. "Usinianzishie leo. Nenda zako."

Jumamosi, 18 Januari

Shangazi hakukana. Hilo ndilo lililonichosha zaidi. Alikuwa anakata kucha.

"Unataka kufanya nini?"

"Kurekebisha orodha."

"Utasimama mbele ya hakimu useme uliapa uongo? Wewe unayetetemeka ukimwona karani mkuu wako? Watakufunga, Thabit."

"Nilisema nilivyoambiwa."

"Na mimi nitasema sikukwambia." Kisha sauti yake ikashuka. "Mwanangu, sikiliza. Kila siku redio inasema wanyonyaji, kupe, mabwanyenye. Watu wanatutazama. Ukienda kusema Thuwaini Darwesh alimfanya mkewe Mnyamwezi kuwa mpishi wake miaka kumi na saba, unadhani watasikia mirathi? Watasikia Waarabu wana watumwa mpaka leo. Mimi nina ndugu waliokimbia Unguja na nguo za mwilini. Sitaki nami kukimbia kwa uzee huu."

Nilikwenda nikiwa tayari kumchukia. Nikarudi nikiwa nimeogopa vitu viwili badala ya kimoja.

Ijumaa, 24 Januari

Mvua. Ofisini nimeweka barua ya Nzega katika jalada la Sikonge.

Jumapili, 2 Februari

Mama. Nilikuwa nimeahirisha majuma mawili. Nilikaa chini, kando ya kitanda chake, kama nilivyokuwa nikifanya utotoni, nikamweleza yote kwa sauti ya chini ili asishtuke.

Hakushtuka. "Kila Alhamisi baba yako alikuwa anakwenda uani kusoma Yasini," alisema. "Miaka kumi na saba. Yasini gani hiyo isiyokwisha?"

"Ulijua?"

"Mke hujua. Nilinyamaza kwa sababu nikiuliza nitajibiwa, na nikijibiwa nitakuwa na mke mwenza. Nisipouliza nina mpishi."

Nikamwomba aje aseme hayo mahakamani.

"Unaniomba nigawane na yeye thumni yangu, ile moja ya nane ya mjane?"

"Ni haki yake, mama."

"Najua ni haki yake. Sikuulizi kama ni haki yake." Akageukia ukutani. Nilimsikia akilia, lakini sijui ni kwa ajili ya nani kati yetu.

Zamani niliwaza kwamba nyumbani kwetu watu hawana siri kwa sababu hawana maneno mengi. Sasa naona kila mtu alikuwa na siri ile ile moja, akiificha kwa wenzake waliokuwa nayo. Mimi peke yangu sikuwa nayo, na ndimi niliyeshikishwa msahafu.

Jumatano, 12 Februari

Igunga. Nimerudi jana na mwili unauma kama nilipigwa.

Nilimwomba Bwana Eustace ruhusa ya siku tatu, "jambo la kifamilia." Yeye alisoma seminari ya Kipalapala akaacha kabla ya upadri, na huwa hapotezi nafasi ya kuwaungamisha watu. "Jambo la kifamilia lina jina?" Nikasema mirathi. "Ah! Mimi Kilatini kilinishinda nikaacha upadri. Wewe usiache kazi kwa ajili ya mirathi. Jumanne uwe umerudi mjini, Jumatano nikuone mezani."

Basi lilifika Nzega salama. Kabla ya Igunga, kwenye mbuga, likazama mpaka ngazini. Tope la kule ni jeusi na linashika kama gundi. Tulisukuma wanaume wote, viatu vyangu vya kazi vikabaki chini. Utingo akaniuliza, "Karani, unakwenda kuoa?" Nikamwambia nakwenda kumwozesha baba yangu. Walicheka mpaka basi likatoka.

Mwalimu Mfaume ni mzee sana, macho yake yana ukungu, lakini alipolisikia jina la Batuli aliniambia siku, mwezi, na kwamba mvua ilinyesha. "Nilifunga mimi. Mahari alipewa mkononi. Walii aliyemwoza alikuwa kaka yake."

"Na mashahidi, Mwalimu?"

"Wawili. Mmoja amekwisha kufa. Wa pili yule mwashi aliyekuwa akijenga msikiti wetu, Lukumani."

"Naye nitampata wapi?"

"Unatoka wapi wewe?"

"Tabora."

"Si yuko huko huko kwenu? Alihamia Kanyenye siku nyingi."

Fundi Lukumani anakaa mitaa miwili kutoka kwetu. Ukuta wetu wa uani aliujenga yeye. Nilisafiri siku nzima ndani ya tope, nikapoteza viatu, kumtafuta mtu ninayempita kila asubuhi nikienda kazini.

Mwalimu hawezi safari. Alinitamkia barua nikaandika, akatia sahihi yake kwa Kiarabu mbele ya imamu wa sasa.

Alhamisi, 13 Februari

Lukumani amekubali kuja. Nilimwuliza mbona alinyamaza miaka yote. Alikuwa juu ya ngazi, akapiga lipu lake kwanza. "Shahidi hapigi hodi nyumba za watu, bwana mdogo. Shahidi huitwa. Hamkuniita."

Alhamisi, 27 Februari

Idd ya kuchinja. Batuli amepika pilau kwa ajili ya watu wote, yeye hakula. Wala mimi.

Jumamosi, 15 Machi

Kwa majuma mawili sijaandika kwa sababu hakuna nililofanya. Barua ya Mwalimu iko ndani ya godoro langu. Kila siku nasema kesho nitakwenda mahakamani kueleza mapema, kila siku nakuta sababu. Nimeota mara mbili niko kizuizini nikipanga majalada.

Najua ninachoogopa. Naogopa kifungo, naogopa kufukuzwa, naogopa Shangazi, naogopa magazeti. Lakini kuna sauti ya chini zaidi: nikikaa kimya, hakuna atakayenilaumu. Hata Batuli hatanilaumu. Hiyo ndiyo inayonivuta.

Ijumaa, 21 Machi

Bwana Eustace ameniita. Nilijua ni lile la barua ya Nzega. Kumbe aliona nimekonda. Nikamwambia yote, nimesimama, mikono nyuma.

Akafungua rejista yake mwenyewe ya mwaka 1959 na kunionyesha ukurasa. "Kosa langu hilo. Unaliona? Halikufutwa. Limekatwa mstari mmoja, linasomeka, kando kuna sahihi yangu. Anayefuta kwa raba huyo ndiye mwizi. Anayekata mstari ni karani tu."

"Watanifukuza, bwana?"

"Sijui. Mimi nitalazimika kukuandikia ujieleze. Usinitegemee kwa hilo." Akafunga rejista. "Nenda ukale."

Jumatano, 26 Machi

Eda imekwisha. Shangazi na wanawake wa mtaa walimwogesha mama, wakamtia udi, wakamvika nguo mpya. Nyumba nzima inanukia.

Uani hakwenda mtu. Nilisikia maji yakimwagwa kwa kata, taratibu, peke yake. Kisha Batuli akatoka na ile kanga ya Idd. Nikamwambia kesho ni saa tatu, na kwamba nitasema akiwapo au asipokuwapo.

"Utakuwa unatetemeka," akasema.

"Ndiyo."

"Basi nitakuja. Usije ukaanguka huko wakasema tumekuroga."

Alhamisi, 27 Machi

Ukumbi ulijaa. Hakimu na wazee wawili washauri. Karani akasoma fomu yangu: mjane mmoja. Hakimu akauliza kama kuna pingamizi.

Nikainuka. "Pingamizi ni langu."

"Dhidi ya nani?"

"Dhidi yangu, mheshimiwa. Niliapa mjane ni mmoja. Wako wawili."

Kelele. Hakimu akagonga meza. "Siku ile ulijua?"

"Sikujua. Lakini sikuuliza, na tangu Januari nimejua nikanyamaza."

"Uliapa mara ya kwanza. Leo unataka kuapa tena. Kwa nini nikuamini ya pili?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila swali isipokuwa hilo. Nikasema, "Usiniamini mimi. Waulize wao."

Barua ya Mwalimu ikasomwa. Lukumani akaapa, akaeleza, na alipoulizwa anakumbukaje akasema siku ile alikula pilau mbili, yake na ya bwana harusi aliyeshindwa kula kwa wasiwasi. Watu wakacheka. Shangazi hakucheka. Aliinuka akasema barua inaweza kuandikwa na yeyote, na shahidi mmoja hatoshi. Mzee mshauri mmoja akatikisa kichwa kumkubalia. Nikaona kesi inatuponyoka.

Hapo mama, aliyekuwa safu ya wanawake amejifunika, akasema bila kuinuka, "Anatosha. Mimi namjua kuwa ni mke mwenzangu."

"Simama, mama, useme tukusikie."

Akasimama. "Kila Alhamisi zamu ilikuwa yake. Mke hawezi kukosea zamu." Akakaa.

Batuli akaulizwa jina. "Batuli binti Shilinde. Mke wa Thuwaini Darwesh." Alilisema polepole, kama mtu anayekanyaga daraja asilolijua. Nimemfahamu miaka kumi na saba. Sikuwa najua jina la baba yake.

Hakimu aliamuru orodha iandikwe upya. Thumni watagawana wajane wawili, nyumba isigawanywe kwanza, na Batuli asitolewe chumbani. Kuhusu mimi, alinikemea dakika kumi mbele ya watu na akasema ataandika kwa mwajiri wangu.

Njiani nikamwambia mama ahsante. "Usinishukuru," akasema. "Nimemkubali mahakamani. Jikoni sijamkubali."

Jumatano, 2 Aprili

Barua ya kujieleza imefika, siku saba, kwa mwandiko wa Bwana Eustace. Nimeianza mara tatu.

Asubuhi Batuli amenituma. Hajawahi kunituma. "Ninunulie kufuli." Nikaenda dukani, nikanunua kubwa kuliko mlango ulivyohitaji. Niliporudi nikakuta amefunga mzigo wake.

"Unakwenda wapi?"

"Igunga. Kaka yangu yuko katika kijiji kipya, wanalima mpunga wa pamoja. Anasema kuna shamba na kazi nyingi mno."

Nilikasirika. Nakiri. Nilikuwa nimeweka kazi yangu mezani ili apate chumba, naye anakiacha hata juma halijaisha. Nikamwambia hivyo, kwa sauti ambayo Shangazi aliisikia akatoka.

"Thabit," Batuli akasema, "mwezi Desemba nilikuwa naondolewa. Leo naondoka. Wewe umesoma, huoni tofauti?"

Akafunga mlango, akabana kufuli, akavuta kuhakikisha limeshika. Ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga.

"Chumba kitupu unakifungia nini?" Shangazi akauliza. "Kuna nini humo cha kuibiwa?"

"Hakuna kitu, wifi."

Nilimwona Shangazi akilipokea neno hilo. Hakulijibu, lakini hakulirudisha.

Batuli hakupitia mlango wa uani. Alikatisha sebuleni, mbele ya mama, aliyekuwa akishona na hakuinua macho ila alisogeza miguu kumpisha. Nikambebea mzigo mpaka stendi. Utingo alimwuliza kama anahama au atarudi, maana tiketi ni tofauti.

"Nitarudi nikitaka," akasema. "Mtu hurudi kwake."